Siku Maman Alipofua Angisa ya Oma

Watu wanaokaa sasa juu yetu ni wakimya. Ni kijana na mke wake. Wanavua viatu mlangoni, na tukikutana kwenye ngazi wanasema bonjour bila kusimama. Joto linapowashwa mwezi wa kumi, bomba linalopita kwenye pembe ya jikoni mwetu linalia kidogo, tik, tik, halafu linanyamaza. Maman anainua kichwa. Mimi pia nainua. Kisha yeye anaendelea kukata vitunguu.

Zamani bomba hilo lilikuwa la Oma. Akitaka tupande kunywa kahawa aligonga kwa kijiko kule kwake, ghorofa ya tatu, na sisi wa ghorofa ya pili tulisikia kana kwamba amekaa chini ya meza yetu. Maman alijibu kwa mwiko. Maman hakujua Kiholanzi, na Oma alijua Kifaransa cha dukani tu, cha kuomba mkate na kulalamikia bei. Kwa hiyo bomba lilikuwa lugha yao ya kwanza, na mimi nilikuwa ya pili. Nilisoma shule ya msingi ya Kiholanzi hapa Koekelberg, mtaa wetu huku Ulaya, nyuma ya Basilika, na hiyo ndiyo shule yote niliyosoma. Darasani sikuwa nainua mkono. Lakini kwa Oma nilikaa kwenye kigoda kati ya wanawake wawili, nikachukua maneno ya huyu na kumpa yule, wala sikuona haya, kwa sababu hayakuwa maneno yangu.

Oma maana yake ni bibi. Jengo zima lilimwita hivyo, hata wazee wenzake. Alitoka Suriname, nchi ndogo iliyokaa juu ya Brazili, inayohesabiwa pamoja na nchi za Karibiani. Alinionyesha kwenye ramani ya kalenda, akifunika nchi nzima kwa ncha ya kidole. Wazee wake waliletwa huko kutoka Afrika kwa minyororo. Baadaye wengine waliletwa kutoka India, na wengine kutoka Java, wote kwa ajili ya miwa ya watu wengine. Aliniambia kwamba katika mji wao mkuu msikiti na sinagogi vimepakana, na siku ya sala za hawa, wale wanawaachia nafasi ya kuegesha magari. Nilidhani ni hadithi ya kunifurahisha. Lakini nikatazama waliokuja kumtembelea, nikaamini.

Walikuwa wawili. Mmoja nilimwita tonton wa pilipili, yaani mjomba wa pilipili, kwa sababu alikuwa na meza ya pilipili na mboga kwenye soko la Jumapili pale kituo cha treni cha Gare du Midi. Babu zake walitoka India. Kila mwaka, giza la baridi lilipoanza kuingia mapema, alimletea Oma vitaa vya udongo vya sikukuu yao, na Oma, Mkristo wa kwenda kanisani, alivipanga dirishani na kuviwasha. Mwingine alikuwa mama mfupi, wazee wake kutoka Java, aliyefunga Ramadhani na kupika tambi za kukaanga zilizonukia hadi kwenye sanduku la barua kule chini. Ramadhani ilipokwisha, Oma ndiye aliyekula nyingi kuliko aliyefunga. Wote wawili walimwita Oma Sisa, yaani dada, na walizungumza naye kwa sauti ambayo Maman alidhani ni ugomvi.

"Wanagombana?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Hapana, Maman. Wanaongea juu ya kuku."

"Kuku tu? Bon. Basi sawa na kwetu."

Sasa niseme juu ya kitambaa, kwa sababu kila kitu kilitokana nacho.

Wanawake wa Suriname wa zamani walivaa koto, gauni pana lenye mikunjo mingi, na kichwani angisa. Angisa ni kitambaa cha pembe nne, lakini hakifungwi kama vyetu. Kinatiwa wanga, kinapigwa pasi kikiwa bado kibichi kidogo, halafu kinakunjwa na kushikizwa kwa pini mpaka kinasimama chenyewe kama kofia. Ukishakikunja hukifungui. Unakivaa, unakivua, unakiweka. Na kila mkunjo unasema kitu. Kuna unaosema waache waongee. Kuna unaosema nisubiri pale pembeni ya barabara. Mwanamke alipita sokoni na kichwa chake kikawa kimeshasema yote.

Angisa ya Oma ilikuwa nyekundu yenye maua meupe. Ilikaa juu ya kabati chumbani kwake, imevishwa juu ya chupa ya maua iliyopinduliwa, ikitazama dirisha. Mama yake aliikunja usiku wa kuamkia safari yake ya Ulaya, jikoni, wakati masanduku yameshafungwa. Oma alimuuliza mkunjo huo unasema nini. Mama yake akamjibu kwamba huu hausemi na watu, huu ni wa kukushika kichwa. Akamwambia aivae siku yake kubwa. Kwao kuzaliwa kunasherehekewa kila mwaka, lakini miaka inayogawanyika kwa tano ndiyo mikubwa. Oma alipofika hamsini alikuwa amefiwa na mume, hakufanya sherehe. Baada ya hapo kila mara aliona angisa ni nzuri mno kuitia jasho. Mama yake alikuwa ameshazikwa zamani. Sasa Oma alikuwa anakaribia sabini na tano, na alikuwa ameamua kwamba safari hii ataivaa.

Haya yote mimi na Maman hatukuyajua. Sisi tulijua kwamba kuna kitambaa chenye vumbi juu ya kabati.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo Oma alilazwa kwa ajili ya goti, akamwachia Maman ufunguo amwagilie maua. Kwetu Bukavu mtu akitoka hospitali hakuti nyumba kama alivyoiacha. Majirani wanafua mashuka, wanatoa godoro juani, wanasugua hata miguu ya vitanda, ili ugonjwa usikute pa kukaa. Maman alipanda na ndoo, na mimi nikapanda na ufagio. Tulifanya kazi siku nzima. Mapazia, mablanketi, taulo. Mwishoni Maman alipanda kiti kufuta juu ya kabati, akashuka na angisa mkononi.

"Angalia hii. Iko nguvu sawa carton. Na bumbi yote hii! Masikini, muntu wa kumufulia alikosa."

"Maman, labda ni ya kupamba."

"Ya kupamba nini? Ni kitambaa ya kichwa. Kitambaa ya kichwa inafulwa."

Alichomoa pini mojamoja, zilikuwa zimeanza kutu, akaziweka kwenye kifuniko cha chupa. Akailoweka katika maji ya vuguvugu. Wanga wa miaka yote ukatoka, maji yakawa kama maziwa, na Maman akatikisa kichwa kwa huruma. Ilipokauka aliipiga pasi, akaikunja pembe nne zikalingana, akaiweka juu ya mto wa Oma na sabuni ya kunukia juu yake. Alikuwa na furaha sana. Yeye mwenyewe alivaa hivyo kila Jumapili, kitambaa kilichofuliwa, kikafungwa upya mbele ya kioo, kila mara kwa namna nyingine.

Oma alirudi na magongo mawili. Alishika mashuka, akanusa mapazia, akamwambia Maman asante kwa Kifaransa, kwa Kiholanzi, na kwa lugha ya kwao. Halafu akaingia chumbani. Tulisubiri. Tulisikia gongo moja likianguka. Nilipochungulia alikuwa amekaa kitandani, ameweka kile kitambaa bapa juu ya mapaja, anakipapasa pembeni kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Oma?"

"Nimechoka," alisema. "Mwambie mama yako asante. Nendeni mkapumzike."

Bomba halikugongwa siku iliyofuata. Wala iliyofuata. Maman aligonga kwa mwiko, akangoja, akagonga tena.

"Ni goti," alisema. "Goti inauma sana." Lakini alikuwa anautazama mwiko.

Jumapili tulikwenda Midi kununua mateke, yale magimbi ya kwetu, na pilipili. Tonton wa pilipili alimpa Maman mkono, kisha akaniuliza mimi Sisa anaendeleaje, maana siku yake kubwa imefika mlangoni. Maman alinisukuma kidogo begani. "Mwambie tulisafisha nyumba yote. Mwambie hata kile kitambaa chake ya kichwa, ile nyekundu, nilifula, sasa iko laini."

Nilimwambia. Alikuwa anapima pilipili. Aliweka mfuko chini.

"Ile iliyokuwa juu ya chupa?"

"Ndiyo, tonton."

"Mmeifungua?"

Jibu aliliona usoni mwangu. Hakukasirika. Alizunguka meza, akasimama kati yetu na wateja, akanieleza taratibu, tangu jikoni kwa mama yake Oma mpaka siku ile. Mama mmoja wa Kimoroko alimuuliza bei ya giligilani na hakumsikia. Nilimtafsiria Maman sentensi moja moja. Kwenye habari ya mama na masanduku yaliyofungwa, Maman alikaa juu ya kreti tupu.

"Nilimufulia mama yake," alisema. "Nilimwaga mama yake mu évier, pamoja na maji chafu."

Tulipofika nyumbani hakuvua koti. Alipanda moja kwa moja hadi ghorofa ya tatu, akafungua kilemba chake cha kitenge, akapiga magoti kwenye mkeka wa mlangoni, kichwa wazi, na kuniambia nibonyeze kengele. Oma alifungua. Alimtazama Maman chini, akanitazama mimi.

"Anafanya nini?"

"Anaomba msamaha, Oma. Hakujua."

"Mwambie asimame."

"Maman, anasema usimame."

"Mwambie sisimami mpaka anisamehe."

"Anasema hasimami mpaka umsamehe."

"Mimi siwezi kuinama kumwinua, na goti hili! Mwambie mlango uko wazi, joto lote linakwenda kwenye ngazi, na gesi nalipa mimi."

Nilimtafsiria Maman, pamoja na gesi. Alisita, halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Oma naye akaegemea ukuta, akacheka huku akifuta macho kwa mkono wa sweta. Maman akasimama, tukaingia, mlango ukafungwa. Lakini kitambaa kilikuwa bado bapa juu ya meza, na Oma alipokitazama kicheko kiliisha.

"Mkunjo huu sikuwahi kufundishwa," alisema. "Ninajua mingine. Huu aliufanya mama haraka, mimi nikiwa nalia. Na hata kama ningeujua." Alituonyesha vidole vyake, vilivyovimba kwenye maungio. "Hivi haviwezi tena hata kifungo. Basi. Nitavaa kofia."

Maman alisema, "Mwambie tutatengeneza." Sikujua kwa nini aliahidi hivyo. Nilitafsiri tu.

Picha ya ile angisa haikuwepo. Oma aliwaita wale wawili, wakakaa mezani kujaribu kukumbuka, na hapo ndipo ugomvi wa kweli ulianza. Tonton wa pilipili alisema ilikuwa na pembe tatu zilizosimama. Mama wa Kijava alisema ni mbili, na nyuma kitu kama mkia wa bata.

"Bata gani? Wewe ulikuwa unatazama chakula."

"Na wewe ulikuwa unajitazama kwenye kioo cha kabati. Mkia wa bata, nakwambia."

"Sisa, ni tatu au mbili?"

Oma alifumba macho. "Niliipita kila asubuhi," alisema, "na siwezi kusema."

Walipokuwa wanabishana nilikichukua kitambaa nikaenda nacho dirishani, ili nisiwe mezani. Nilikiinua kwenye mwanga. Nikaona hakikuwa na wekundu mmoja. Kulikuwa na mahali palipopauka, pakawa kama ufizi, na mahali palipobaki pekundu hasa, kama kitambaa cha ndani ya mfuko. Kwa miaka yote kile kitambaa kilitazama jua la dirisha hilo. Kilichokuwa nje kilipauka, kilichokunjwa ndani hakikuona jua. Na kila mahali palipokuwa na pini palikuwa na tundu, na kulizunguka tundu duara dogo la kutu. Maman alikuwa ametoa wanga, vumbi na harufu. Kutu hakuiweza.

Nilikwenda kwa Maman nikamvuta mkono. Yeye ndiye aliyepiga meza kwa kiganja: "Alors! Nyamazeni kwanza. Mutoto ameona kitu."

Wanga tuliutengeneza jikoni kwetu. Oma alisema lazima uwe wa muhogo, na Maman akajibu kwamba hiyo ni kazi ya kwao, hata hakusubiri nimalize. Alikwenda Ixelles, kwenye maduka ya Waafrika, akarudi na mihogo mibichi, akaikuna, akaikamua kwenye kitambaa, akaacha maji yatulie kwenye beseni mpaka unga mweupe ukakaa chini kama theluji. Mara ya kwanza aliukoroga ukawa na madonge. Oma, aliyeshuka ngazi kwa makalio ngazi baada ya ngazi ili asimamie kazi, alisema huu ni wa kubandika mabango ya uchaguzi. Mara ya pili ulikuwa sawa.

Halafu ikawa kazi yangu. Nilikunja polepole, sehemu zilizopauka nje, nyekundu ndani, nikitafuta matundu yaliyopaswa kukutana. Pini ilipopita kwenye matundu mawili bila kulazimishwa, nilijua niko njiani. Nilipokosea kitambaa kilikataa, kikafanya uvimbe, nikafungua. Nilifanya hivyo mchana baada ya mchana, Oma akiwa upande huu na Maman upande ule, na mimi sikutafsiri kitu, nao hawakuniuliza. Maman alimenya machungwa na kumpa Oma vipande. Sikumbuki wakati mwingine ambapo jikoni kwetu kulikuwa na utulivu kama ule.

Pembe zilikuwa tatu. Na nyuma kulikuwa na mkia wa bata. Lakini mkia wangu uliinama upande wa kushoto. Matundu mawili ya mwisho sikuweza kuyakutanisha, hata nilipojaribu mpaka wanga ukakauka na kukataa mkono. Nililia kidogo. Oma aliugusa kwa kidole.

"Mama naye alikuwa na haraka," alisema.

Siku kubwa ilipofika, nyumba ya Oma ilijaa mvuke. Palikuwa na pom, kuku aliyepikwa ndani ya kiazi kilichokunwa na kutiwa maji ya machungwa, kikachomwa kwenye tanuri mpaka juu kikawa kahawia. Kwao, awe mtu wa asili ya Afrika, India au Java, bila pom hajazaliwa. Maman aliionja akafumba macho, akasema, "Kumbe ni mateke. Mateke iliyoenda shule." Yeye alileta sombe, yaani kisamvu, na samaki. Tambi zilikuwepo, na mikate bapa ya tonton pamoja na viazi vya manjano, na kila mtu alikula cha mwenzake kwanza.

Oma alitoka chumbani katika koto ya rangi ya bluu, pana kiasi kwamba aliingia mlangoni kwa ubavu, bila magongo, ameshika mkono wa Maman. Kichwani alikuwa na angisa. Tonton wa pilipili alizunguka nyuma yake, akakunja uso.

"Haikuwa hivi," alisema.

"Haikuwa," Oma alijibu. Akainua kidevu, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Aliivaa mchana wote na jioni yote. Alicheza nayo akiwa amekaa, mabega tu. Watu walipouliza nani ameikunja alininyooshea kidole, na mimi nikaenda jikoni kuosha vyombo, ambavyo vilikuwa vingi, nashukuru.

Wageni walipoondoka, Oma aliivua kwa mikono miwili, akaileta puani.

"Inanuka jasho na kuku," alisema. Akanitazama. "Mpe mama yako aifue."

Sikutafsiri mara moja. Maman alikuwa anakunja kitambaa cha meza. "Anasema nini?"

"Anasema uifue."

Maman aliweka mikono yake nyuma ya mgongo. "Mwambie hapana. Ile kitu sigusi tena hata siku moja."

"Mwambie mkunji tunaye," Oma alisema. "Kitambaa cha kichwa kinafuliwa."

Alianza kuchomoa pini mwenyewe. Vidole vyake havikutaka, ile ya kwanza ilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakututazama. Alipoipata alimnyooshea Maman, akangoja, mpaka yeye akatoa mkono mmoja nyuma ya mgongo na kufungua kiganja. Pini ya pili. Ya tatu. Mkia wa bata ukalegea, pembe zikashuka moja baada ya nyingine, na kitambaa kikawa tena cha pembe nne.

Maman alikifua usiku uleule kwenye beseni, peke yake, kwa maji ya baridi, akakianika juu ya bomba jikoni.

Asubuhi hatujanywa hata chai, kijiko kikagonga kule juu. Nilisimama nipande kuuliza.

"Kaa," Maman aliniambia. "Anauliza kama imekauka."

Alikishika kitambaa pembeni, akakibonyeza kati ya vidole. Kisha akachukua mwiko, akajibu bado.